Alichochungulia Khairiya

Khairiya Mmanga alikuwa msimamizi wa kanzidata wa Jumuiya ya Zahanati za Rehema, ambayo ofisi yake ilikuwa ghorofani mjini Chake Chake, juu ya duka la vitambaa. Zahanati za jumuiya zilitapakaa Pemba nzima, kuanzia Makangale kaskazini hadi Kisiwa Panza kusini. Kila mgonjwa aliyepimwa, aliyechomwa sindano au aliyezalishwa huko, taarifa zake ziliishia kwenye seva iliyokaa chumba cha nyuma, penye kiyoyozi pekee kilichokuwa kizima ofisini. Watu wa mtaani hawakuielewa vizuri kazi yake. Jirani mmoja aliwahi kumletea redio mbovu aitengeneze. Mwenyewe akiulizwa alijibu, "Natunza habari za watu," na jibu hilo alilipenda.

Alikuwa hodari. Umeme ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kupanda ngazi kuhakikisha seva imezimwa vizuri na bakapu, nakala ya akiba ya jana, ipo salama. Watu wa kazi hiyo Pemba ni wachache na wanajuana: huyu wa maji, yule wa bandari, wengine wa vyuo. Walikuwa na kundi lao la simu, na seva ya mmoja ikianguka, wenzake humwendea na waya zao na vyakula vyao kama watu wanaokwenda kukaa msibani.

Mwaka ule tatizo lake kubwa lilikuwa rekodi pacha. Mgonjwa mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili au tatu, kila zahanati na namna yake ya kuandika jina. Khairiya akatunga programu ya kuwatambua na kuwaunganisha. Aliweka sharti: majina yakifanana lakini shehia wanazokaa wagonjwa zikiwa mbalimbali, mashine isiunganishe mpaka mtu aangalie kwa macho yake. Akaanza kuangalia mwenyewe, jina baada ya jina. Macho yakachoka. Mkutano wa wenzake wa kazi ulikuwa umekaribia, naye alikuwa ameahidi kuwaonyesha kazi iliyokamilika. Akaliondoa sharti lile, akaiacha mashine iunganishe yote.

Mkutanoni alipigiwa makofi. Kijana mmoja wa Wete alimwomba programu akaitumie ofisini kwao. Khairiya akampa, bila ya kusema sharti alikuwa ameliondoa.

Miezi michache baadaye, kaka yake Nyange alipata mchumba. Nyange alikuwa fundi umeme, na alikwenda Kisiwa Panza kutandika nyaya katika shule ya maandalizi. Huko akamwona mwalimu wa watoto, Mwanawema Jaribu Hija, na aliporudi alikuwa hana jengine la kuzungumza. Wazee walikwenda, wakapokewa vizuri, na posa ikawa inangoja siku ya kujibiwa.

Asubuhi moja ya Jumapili mama yao, Bi Kazija, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akamwita Khairiya.

"Huyu mtoto wa Panza, zahanati yao si yenu?"

"Ni yetu."

"Basi si umwangalie."

"Nimwangalie nini, mama?"

"Usijitie hujui. Mtu anaingia nyumbani kwangu, atanizalia wajukuu. Kuna maradhi, kuna mambo. Weye unaona kila kitu humo."

"Haifai, mama. Mambo ya wagonjwa ni amana."

"Amana kwa watu baki. Mie kwako mtu baki?"

Khairiya alicheka, akaondoka kwenda kuanua nguo. Lakini neno lilibaki. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka zahanati kuwafundisha wauguzi kuwa faili la mgonjwa halifunguliwi ila kwa kazi. Jumatatu alipofika ofisini alijiambia kuwa anataka kuhakikisha tu ubora wa taarifa za Kisiwa Panza. Akaandika jina.

Ilitoka rekodi moja. Chanjo za utotoni. Homa. Mguu uliochanwa na chaza. Kisha mstari wa miaka mitatu nyuma: kujifungua kwa kupasuliwa, mtoto mume, hakuishi.

Mwanawema wa Kisiwa Panza hakuwahi kuolewa.

Khairiya aliusoma mstari ule mara mbili. Na jambo lililomchoma zaidi baadaye, kila alipoikumbuka siku hiyo, ni kuwa hakuona huruma wala hofu. Aliona utamu. Utamu mdogo wa kujua jambo ambalo mji mzima haulijui.

Nyumbani hakutamka aliyoyasoma. Alimkuta mama yake jikoni akamwambia, "Mama, posa hii iacheni."

"Ana nini?"

"Sikusema ana kitu."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

Bi Kazija akaweka upawa chini. "Ana mtoto?"

Khairiya akatazama chungu. Angeweza kusema hapana, na angeweza kusema sijui. Alinyamaza, na mama yake akawa amejibiwa.

Kisiwa Panza kukapelekwa ujumbe kuwa familia imeswali istikhara kumwomba Mungu uongozi, na moyo haukutulia. Nyange aliposikia aliingia ukumbini na viatu vyake.

"Istikhara kaswali nani? Mie ndiye muoaji, na mie sikuswali!"

"Nimeswali mie, mama yako," alisema Bi Kazija. Hakuwa ameswali. Khairiya alijua hakuswali, akainua vikombe akavipeleka kuosha.

Bi Kazija alimweleza jambo lile mtu mmoja tu, mdogo wake, Bi Tatu, na alimwapisha. Bi Tatu naye alikuwa na shoga yake Mkanyageni. Haukupita muda neno likavuka maji mpaka Kisiwa Panza. Khairiya alilisikia likirudi siku ya harusi moja pale pale Chake Chake, kwenye sinia la biriani, kutoka kwa mwanamke asiyemjua.

"Mwalimu wa watoto, na buibui lake refu, kumbe alijifungua kwa siri. Kamati ya shule imemwambia akae nyumbani kwanza mpaka maneno yapoe. Na baba yake msikitini siku hizi anaswali safu ya mwisho, wa kwanza kutoka."

"Allah amsitiri," alisema Khairiya, akaendelea kula.

Ukweli ulikuja kwa simu, mchana, kazini. Alipiga Bi Moza, mkunga wa zahanati ya Makangale, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha.

"Khairiya, mgonjwa wangu kamezwa na kompyuta yenu."

"Kamezwa vipi, Bi Moza?"

"Nna mja mzito hapa. Ananambia alipasuliwa mimba ya mwanzo, mtoto akafa, na mie mwenyewe nakumbuka nilimwandika. Sasa nikimtafuta hapa kwetu hayumo; nimemwandika upya kama mtu asiyepata hata homa. Kovu ninalo mbele ya macho yangu! Ningekuwa mkunga mgeni ningemwacha azalie hapa hapa, na ungekuja kunizikia mtu."

"Anaitwa nani?"

"Mwanawema. Mwanawema Jaribu Hija."

Bi Moza akaita, "Halo? Mtandao umekata?" Khairiya akasema atamtazamia, akakata simu.

Alifungua bakapu ya kabla ya kuunganishwa rekodi. Walikuwepo wote wawili. Mwanawema Jaribu Hija wa Kisiwa Panza, na Mwanawema Jaribu Hija wa Makangale, mke wa mtu, mkulima. Mwaka wa kuzaliwa mmoja, namba ya kitambulisho haikujazwa kwa yeyote. Shehia mbalimbali. Mashine iliona majina, ikamchukua mtoto aliyekufa wa mke wa Makangale ikamtia kwa msichana wa Kisiwa Panza.

Masikio yalimwaka moto. Akainuka kufunga mlango, kisha akakumbuka kuwa ofisini siku hiyo kulikuwa na yeye na mhasibu tu. Alizitenganisha rekodi zile, akampigia Bi Moza amwambie mgonjwa wake amerudi. Bi Moza alikuwa ameshamwandikia mwanamke yule barua ya kwenda hospitali kubwa. "Ahsante mwanangu," alisema, "Mungu akubariki." Khairiya alilaza kichwa juu ya meza.

Kosa lilikuwa limesharekebishwa, na angeweza kunyamaza. Kulibaki kumbukumbu moja tu, ile inayoandika nani alifungua faili la nani, na msimamizi wake alikuwa yeye. Akaifungua. Jina lake lilikuwepo mbele ya jina la Mwanawema, na kulifuta ilikuwa kazi ya amri moja fupi. Aliiandika amri ile. Akakaa nayo mpaka chai yake ikapoa, kisha akaifuta amri na jina akaliacha. Hakujua ni imani iliyomzuia au ni woga tu.

Kesho yake alikwenda kumweleza yote mkuu wa ofisi, Mzee Msellem, naye alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, aliyempenda Khairiya na kumsifu mbele ya wageni.

"Hili la kuunganisha," alisema mwisho, "lingekuja peke yake ningekusimamia mpaka kwenye bodi. Kazi ina makosa. Lakini kule kuchungulia..." Akavua miwani. "Ulikwenda kutafuta nini, Khairiya?"

"Mama aliniomba."

Pale pale alijisikia mtoto mdogo. Mzee Msellem akavaa tena miwani. Aliipeleka habari ile kwenye bodi, na siku hiyo hiyo pasiwedi zote za Khairiya zikafungwa. Hakufukuzwa. Aliambiwa atazunguka zahanati zote, na kila rekodi iliyounganishwa na mashine aende kuihakikisha kwa mtu mwenyewe, uso kwa uso. Angefanya kazi hiyo chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Kumwambia mama yake kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mkuu. Bi Kazija alisikiliza, kisha swali lake la kwanza likawa, "Nani mwengine anajua?" Khairiya alipomwambia kuwa ofisi nzima inajua, akaanza kulia, kilio cha kujizuia, kitambaa mdomoni.

"Nimemsingizia Mungu," alisema. "Nimesema nimeswali."

Siku ya kwenda Kisiwa Panza, Bi Kazija alikuwa wa kwanza kuvaa. Walishuka gari bandarini Chokocho, wakapanda boti ndogo pamoja na wanawake wenye mafurushi ya mwani, na mmoja wao akawauliza wanakwenda kwa nani. Walipomtaja mzee Jaribu, wanawake wakatazamana. Khairiya akainamisha uso mpaka ng'ambo.

Mama wa msichana, Bi Bimkubwa, aliwapokea kwa "Karibuni, karibuni, piteni ndani," kama kwamba posa ile haikuvunjwa. Akawatandikia mkeka mpya, akaleta maji, akaleta chai na mikate ya kumimina, akawauliza hali za watu wa kwao mmoja mmoja. Kila neno la adabu lilizidi kuwaelemea wageni. Mwanawema alitoka chumbani, akawaamkia, "Shikamoo Bi Kazija," akakaa karibu na mlango. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa yaliyotulia.

Khairiya alisema yote. Alisema juu ya mashine, na juu ya majina kufanana, na juu ya sharti aliloliondoa. Alisema kuwa alifungua faili bila ya haki, na kuwa mama yake alipomuuliza alinyamaza makusudi. Bi Kazija akaongezea la istikhara, na la Bi Tatu.

Bi Bimkubwa alipiga kofi mapajani. "Alhamdulillahi! Mmesikia? Mie nilisema! Basi leo hii mtasimama nami mlango kwa mlango. Na msikitini muende kwa imamu aseme, watu wote wasikie kuwa mwanangu hakuzaa!"

"Tutakwenda," alisema Bi Kazija haraka. "Na Nyange, bibi, mwanangu yule hajabadilika. Posa tutaileta upya, kwa heshima zaidi..."

"Mama," alisema Mwanawema. Alimgeukia Khairiya. "Nna swali moja, dada. Ingekuwa ndiye mie?"

"Nini?"

"Ingekuwa kweli mie niliyezaa, na mtoto wangu akafa. Leo ungekuja?"

Khairiya alifungua mdomo. Jawabu lilikuwa moja, na kila mtu chumbani alikuwa analijua. Machozi yalimtoka, akayaonea haya vilevile, maana hayakuwa na haki ya kutoka mbele ya yule msichana.

"Nisingekuja," alisema.

"Basi." Mwanawema aliikunja ncha ya mkeka kisha akaikunjua. "Msipite mlango kwa mlango. Kila mtakapoingia na kusema Mwanawema hakuzaa, mtakuwa mnaliacha humo jina langu pamoja na neno hilo. Wako ambao hawajasikia. Nendeni kwa mkuu wa shule, muelezeni kosa ni lenu. Na huyo Bi Tatu aambiwe na aliyemwambia. Yaliyobaki nitayavaa mwenyewe."

"Mwanangu, na baba yako?" alisema Bi Bimkubwa.

"Baba nitamweleza mie."

"Na Nyange?" aliuliza Bi Kazija, kwa sauti ndogo ambayo Khairiya hakuwahi kuisikia kwake.

"Nyange hana kosa. Lakini mie sitoingia nyumba ambayo wananijua kwa njia hiyo."

Bi Bimkubwa alimimina chai tena, na wageni wakainywa kwa kuwa kuikataa kungekuwa utovu mwengine.

Mkuu wa shule aliwasikiliza akiwa amesimama. Mwanawema alirudishwa darasani wiki iliyofuata, ingawa wazee wawili watatu waliokuwa wamewatoa watoto wao hawakuwarudisha. Bi Kazija alimwendea mdogo wake wakagombana vibaya, na mpaka leo wakikutana huwa wanaulizana afya tu. Nyange hakumpigia kelele Khairiya. Alihamia Unguja kwa kazi ya hoteli, na akipiga simu huongea na mama yake, kisha hukata.

Wenzake wa kazi Khairiya aliwaeleza mwenyewe, kwenye kikao chao, bila kutaja majina. Aliwataka wote waliochukua programu yake walirudishe sharti. Hakuna aliyemlaumu. Mmoja aliuliza juu ya bakapu, mwengine akasifu ujasiri wake, na sifa hiyo ilimuumiza kuliko matusi. Walipokuwa wanatoka, yule kijana wa Wete alimfuata kwenye ngazi.

"Dada Khairiya, ile kumbukumbu ya nani kafungua faili la nani... sie kwetu hatujaiwasha kabisa."

"Iwasheni."

"Nnajua." Akatazama chini. "Mie huwa naangalia. Shemeji zangu, majirani. Sijamwambia mtu kitu. Naangalia tu."

Khairiya hakuwa na uso wa kumhukumu. Wakashuka ngazi pamoja, wakaagana barabarani.

Kazi ya kuzunguka zahanati ilimchukua muda mrefu. Alikaa kwenye mabenchi na wagonjwa, akauliza jina, shehia, jina la babu, tena na tena. Makangale aliiweka mwisho. Alipofika, Bi Moza alimwonyesha nyumba. Mwanawema wa huko alikuwa amekwishajifungua salama hospitalini, na Khairiya alimkuta uani anapepeta mpunga, mtoto mchanga amelala ndani ya kanga pembeni yake.

Khairiya alimweleza kwa maneno mepesi kuwa rekodi yake ilichanganywa na ya mwanamke mwengine, na kwamba imesharekebishwa. Kuwa habari ya mtoto wake wa kwanza ilizungumzwa kwenye sinia la harusi kama aibu ya mtu, hilo nalo alijilazimisha kulisema. Mwanamke akaacha kupepeta.

"Kwa hivyo muda wote ule alikuwa kwa mtu mwengine."

"Ndiyo."

"Na sasa mmemrudisha kwangu?"

"Tumemrudisha."

Mwanamke alifikiri kidogo. "Jina lake limeandikwa? Tulimwita Kificho, jina la baba wa mume wangu."

Khairiya aliijua rekodi ile kwa moyo. Ilisema mtoto mume, hakuishi. Jina halikuwa na nafasi. Yeye ndiye aliyepanga nafasi zile, miaka ile alipoianzisha kanzidata, na wakati huo hakufikiri kuwa mtoto wa namna hiyo huwa na jina.

"Halikuandikwa," alisema. "Mashine haina pa kuliandika."

"Aa," alisema mwanamke, bila hasira, na akaurudia mpunga wake.

Khairiya alibaki amekaa juu ya kibao, begi mapajani. Pasiwedi hakuwa nayo tena. Lililobakia lilikuwa kurudi Chake Chake, kumwomba yule kijana, mwanafunzi wake wa zamani, aongeze nafasi ya jina, na kumweleza kwa nini. Mtoto mchanga akaamka akalia. Mikono ya mwanamke ilikuwa na vumbi la makapi. Akamtazama mgeni wake, akamwambia, "Hebu nishikie."

Khairiya akanawa mikono kwanza, ndipo akamchukua.